Kikombe Kwenye Mchanga wa Mtungi

Mchana wa leo nimekula wali. Si uji wa mchele, wala wali uliopondwa na kuchujwa, bali wali wenyewe, pamoja na kipande cha samaki. Ilinichukua saa nzima. Mama aliondoa vyombo vya wengine wote huku mimi bado natafuna, lakini ulipita. Kwa kuwa umepita, nimeona sasa naweza kukaa na kumwandikia yule ambaye hivi sasa amelala wodini na koo lililoungua, anatazama dari na kujiuliza kama atameza tena hata mate yake mwenyewe. Nami nilijiuliza hivyo.

Udaktari sitaeleza, sina. Nilisomea kemia, na kemia ndiyo iliyonifikisha pale.

Nilimaliza chuo kikuu miaka ile ambayo maduka yalianza kujaa bidhaa na ofisi zikaanza kupunguza watu. Waliotutangulia walipangiwa kazi kabla hawajavua majoho. Sisi tuliambiwa tusubiri barua. Nilisubiri Kibiti, nyumbani kwa kaka yangu Selemani, mpasua mbao, aliyekuwa akiishi na mama yetu pamoja na mkewe, Saada, binti wa Maparoni huko deltani. Basi la kutoka Dar likisimama, nilijisogeza stendi nione kama kuna bahasha. Vijana wa pale walinipa jina la Digrii.

"Digrii, barua imekuja?"

"Bado."

"Labda wameituma kwa miguu."

Nikaona bora nitengeneze sabuni kuliko kuchekwa bure. Nazi zilikuwa tele, na kostiki, ile alkali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ambayo zamani ilipatikana kwa kujuana, sasa iliuzwa hadharani Dar. Nilinunua kopo moja, nikarudi nalo nimelipakata kama mtoto.

Wengine wanaosoma haya wanayo majumbani mwao, kwa hiyo niieleze kama ninavyoijua. Kostiki ni magamba meupe, mazuri, kama mshumaa uliokwanguliwa. Haina harufu. Ukiiacha wazi huvuta unyevu wa hewani na kuanza kutoka jasho, na kwa hewa ya kwetu dakika chache zinatosha. Ukiitia ndani ya maji, maji yanapata moto bila jiko. Ukikosea ukayamimina maji juu yake, inaruka na kukutemea usoni. Ikishayeyuka na kupoa, huwa angavu kama maji ya kisima kizuri. Ikigusa ngozi huenda usisikie moto mara moja. Kwanza inateleza. Ule utelezi ni mafuta ya mwili wako mwenyewe, yanageuka sabuni.

Siku ya kwanza niliiyeyusha kwenye sufuria ya Saada. Sufuria ilikuwa ya alumini. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwenye mtihani, kwamba alkali kali hula alumini na kutoa gesi, na nilipata alama zote. Lakini mkono uliochukua sufuria haukuwa ule uliofanya mtihani. Iliumuka povu jeusi, ikafoka, na nilipoimwaga nyuma ya choo, chini kulikuwa na matundu kama ya chujio.

"Shemeji," Saada aliniambia, ameiinua kuelekea jua, "sufuria yangu ya harusi umeila."

"Nitakununulia nyingine."

"Kwa ile barua?"

Mama alikohoa kwa hasira. Hakupenda mtu anichezee mbele yake. Tangu siku hiyo alianza kumhesabia Saada maneno.

Plastiki haidhuriki na kostiki, hilo nalo nilikuwa nalijua, na plastiki pekee mle ndani ilikuwa vikombe sita vya kijani vya kunywea maji. Nikawa natumia kimojawapo kuyeyushia. Kostiki ikiwa bado ya moto haifai kuchanganywa na mafuta, kwa hiyo nilitafuta mahali pa baridi pa kuipozea. Kwetu mtungi wa maji hukaa kwenye pembe yenye kivuli, juu ya mchanga unaomwagiwa maji kila siku. Hakuna mahali pa baridi kuliko hapo nyumba nzima. Nilikididimiza kikombe kwenye ule mchanga, kando ya mtungi, na kwa robo saa kilikuwa kimepoa. Nilijiona mwerevu sana.

"Shemeji, vikombe vyangu vinateleza," Saada alisema siku moja. "Navisuuza mara mbili, bado vinateleza."

"Ndiyo usafi huo."

"Chukua kimoja kiwe chako basi. Ukitie alama."

Nilisema nitakitia. Nilifikiria hata alama yenyewe iwe ya namna gani, msumari wa moto au rangi, na kama rangi ingestahimili. Nilifikiria siku nne. Sikutia.

Ikaingia Ramadhani, na jua la mwezi ule lilikuwa kali. Baada ya alasiri niliyeyusha kostiki, nikaweka kikombe mchangani, nikajilaza ukumbini kuwaza kuhusu barua. Usingizi ukanipitia. Nilipoamka, mkeka ulikuwa umetandikwa, muhogo wa nazi umepakuliwa, na Saada ameshapanga vikombe. Kila jioni alivijaza kwenye mtungi na kuvileta mkekani. Siku hiyo alijaza vitatu, akaona cha nne kiko mchangani tayari kimejaa, akakichukua hicho kikawa cha kwangu. Yule mwanamke alikuwa na haraka, na maji ni maji.

Adhana ikaanza. Mtu aliyefunga siku ya jua kali haonji maji. Anayatupia kooni. Nilitanguliza maji kabla ya tende, funda moja kubwa.

Sijui niandikeje. Mtu asiyewahi kuungua ndani anadhani ni kama chai ya moto. Chai ya moto huchoma ikaondoka. Hii ilikaa. Ilishika ulimi, ikashika nyuma ya ulimi, ikateremka ikishika kila inapopita, na kila iliposhika iliendelea kuchimba. Nilipiga kelele, kelele yenyewe ikaniunguza. Nilianguka juu ya sahani za futari, nikapiga kichwa kwenye ukuta mara tatu, kwa makusudi, ili niwe na maumivu mengine ya kusikiliza. Midomo ilivimba ikawa migeni usoni kwangu. Mate yalikuwa yananitoka mazito na yanavutika, yamechanganyika na damu.

Na hata hapo, katika moto ule, akili yangu ilianza kuandika mlinganyo. Asidi na alkali hutoa chumvi na maji. Nikaonyesha kidole sahani ya ndimu. Mama akakimbilia kukata. Kisha nikakumbuka kilichobaki kwenye mlinganyo ule, kwamba hutoa na joto, nikampiga mama mkono ndimu zikaruka. Akadhani nimepata wazimu.

"Mtapishe! Mtapishe!" jirani alipiga kelele kutoka mlangoni.

Selemani ana mikono ya kupasulia magogo. Alinikalia kifuani, akanibana taya, akaingiza vidole viwili mpaka mwisho. Nikatapika. Ile sumu ikapita njia ile ile mara ya pili, ikiniunguza ilipokuwa imeshaunguza, na vidole vyake vikaungua humo humo kinywani mwangu. Tulikuwa tunalia wote wawili, mimi chini, yeye juu.

Nakuomba wewe unayesoma, likitokea kwako usimtapishe mtu, wala usimpe ndimu au siki. Msukutue kinywa kwa maji na umkimbize hospitali. Kaka yangu alifanya alichojua, na alikifanya kwa mapenzi.

Usiku ule nililala kituo cha afya nikiwa na dripu. Asubuhi sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Selemani alikuja amefungwa bandeji mkono wa kulia. Alichana karatasi kwenye daftari la muuguzi, akaniwekea kifuani na penseli.

"Nani kakupa kile kikombe?" aliuliza.

Nilikijua kisa chote. Nilikuwa nimekipitia tangu alfajiri, hatua kwa hatua: magamba, maji, mchanga, usingizi. Nilijua pia jinsi kitakavyosikika stendi. Digrii kanywa dawa yake mwenyewe. Aliyesomea kemia miaka mitatu, kashindwa kuijua kostiki. Penseli ilikuwa mkononi. Niliandika neno moja: Shemeji.

Lilikuwa neno la kweli. Saada ndiye aliyenipa kikombe. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi kuliko hesabu yoyote niliyowahi kufanya, na kila mara jibu ni lile lile. Neno lile lilikuwa la kweli, na mimi nilidanganya.

Selemani aliikunja ile karatasi akatoka. Mchana huo nilipakiwa kwenye lori lililobeba mbao, nimelazwa juu ya godoro, mama amenishika kichwa. Njiani kuelekea Dar kila shimo lilinifikia kooni.

Yaliyotokea nyumbani kabla lori halijaondoka niliyasikia wodini siku ya nne, mama aliponieleza huku akinipangusa mate.

"Kamfundisha adabu," alisema. "Mbele ya watu. Kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia wauma. Kampiga sikioni mpaka damu ikatoka. Kisha kamwambia, nenda kwenu, nimekuacha. Yule alitaka kukuua, mwanangu. Tangu ile sufuria alikuwa na lake moyoni."

Nilishika penseli. Mama akanisogezea karatasi, akangoja.

"Wataka nini? Maji huwezi, baba."

Niliandika: Talaka ngapi?

"Moja. Lakini hamrudii yule."

Ningeweza kuongeza mstari mmoja chini yake, nafasi ilikuwepo. Nikafikiri: mama ndiye ananisafisha, ndiye analala chini ya kitanda changu kwenye sakafu, ndiye peke yake ambaye haniiti Digrii. Nikafikiri: talaka ni moja, kuna eda, kuna muda wa kumrejea. Nikarudisha penseli.

Idi ilinikuta nimetobolewa tumbo na kuwekwa mpira. Niligeuka mtu wa kulishwa kwa upande. Mama alimimina uji mwepesi kwenye bomba la sindano, ukashuka ndani bila kupita kinywani, nikashiba bila kuonja. Kushiba bila kuonja ni jambo la ajabu, kama kusikia habari za sherehe yako mwenyewe. Nilikonda mpaka pete ya babu ikawa inaanguka. Meno yalilegea. Nywele zilining'oka zikabaki kwenye mto wa kulalia. Kila mate yalipojaa niliyatema kwenye kopo, na nilijifunza kulala nimekaa. Lakini kulikuwa na rehema ndogondogo. Muuguzi mmoja mnene alikuwa akinilowesha midomo kwa pamba kila alipopita, hata ikiwa si zamu yake, na akisema, "Haya, msomi, futuru."

Vidonda vilipopona ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Kovu hujikunja. Koo langu lilijifunga taratibu, likabaki tundu ambalo daktari alisema ni la unene wa kijiti cha kiberiti. Ikabidi nianze kupanuliwa. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu maisha kwa mipira. Kila baada ya wiki mbili unakwenda bila kula, unakaa kwenye benchi refu la ukutani, unaitwa, unapuliziwa dawa ya ganzi, na mpira unaingizwa kooni. Ukipita huo, unafuata mnene zaidi. Wawili wanakushika mikono. Unasikia kabisa nyama inachanika ndani, si kwa masikio, bali kwa mfupa wa kifua. Mpira wa kwanza nilimpiga teke mhudumu. Wa pili nilizimia. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na bati la ile sehemu ya kungojea lilipiga kelele hata jina lako likiitwa husikii.

Kwenye benchi lile mimi nilikuwa mmoja wa watu wazima wachache. Wengi walikuwa watoto. Walikuwa wamekunywa kutoka kwenye chupa za soda, makopo na birika, vyote vya watu wanaotengeneza sabuni nyumbani kama mimi. Nilidhani nina ugonjwa wa peke yangu, kumbe nilikuwa na wenzangu wenye meno ya maziwa.

Siku ya mpira wa tatu nilikaa karibu na mwanamke aliyempakata binti wa miaka mitatu, Rehema. Sauti yangu ilikuwa imeanza kurudi, ya kukwaruza kama msasa. Pale benchini kuna swali ambalo kila mgeni huulizwa. Mzee mmoja aliyeleta mjukuu wake alimuuliza yule mwanamke:

"Nani aliyeiweka ilipofikiwa na mtoto?"

Nilijiandaa kusikia majibu ya kawaida, ya dada wa kazi, jirani, mke mwenzangu.

"Mimi," alisema Mama Rehema. "Kwa mkono huu. Niliiweka kwenye chupa ya soda, nikaiacha chini ya meza, nikaenda kupokea mteja."

"Pole."

"Baba yake alipotaka kumpiga dada wa kazi nikasimama katikati. Nikamwambia, kama ni kupiga, aliyeweka ni huyu hapa."

"Akakupiga?"

"Alinipiga. Sasa wewe ulitaka nimwache yule binti wa watu apigwe kwa chupa yangu?" Akanigeukia mimi. "Na wewe kaka, nani alikuwekea?"

Jina langu likaitwa. Namshukuru aliyeita, na nachukia kwamba nilishukuru.

Mpira wa tatu sikupiga teke wala sikuzimia. Nililala pale nikifikiria chupa ya yule mama, na nikaamua kusema. Lakini mimi sijui kuamua jambo nikalifanya siku hiyo hiyo. Nilichukua kalenda ya muuguzi. Eda ni miezi mitatu, ndivyo watu wanavyosema, na mimi nikaifanya siku tisini. Nikahesabu tangu siku ya talaka, nikaona zimebaki karibu ishirini. Muda ulikuwepo. Nikajishauri: ngoja mpira wa nne upite, sauti itakuwa imekaa sawa, maana jambo kama hili halisemwi kwa kukwaruza. Nikaandika hotuba kichwani. Nikaibadilisha. Nikaandika ya mama peke yake, na ya Selemani peke yake. Siku zikapita katika uhariri.

Baada ya mpira wa nne niliruhusiwa kwenda nyumbani kwa siku kumi. Nilifika Kibiti na mpira wangu tumboni umefungwa chini ya shati. Selemani alikuwa uani ananoa msumeno. Nyumba ilikuwa chafu. Mtungi ulikuwa pale pale pembeni, ila mchanga umekauka na kupasuka, na mahali nilipokuwa nikiweka kikombe palibaki duara la ukoko mweupe, kostiki iliyomwagika na kugeuka magadi. Ushahidi wangu wote ulikuwa umekaa pale miezi mitatu, na hakuna aliyejua kuusoma isipokuwa mimi.

Hotuba zote zikanikimbia.

"Kaka," nilisema. "Kile kikombe nilikiweka mimi."

"Kikombe kipi?"

"Nilikipozea pale mchangani. Saada alikikuta kimejaa, akadhani ni maji. Aliniambia nikitie alama, sikutia."

Mama alitoka jikoni mbio. "Nyamaza, Shabani! Koo litachanika. Anaota huyu, dawa za hospitali hizo."

"Sioti, mama. Nilijua tangu asubuhi ile ya karatasi."

Selemani aliweka tupa chini taratibu. Kisha sikumwona akija. Nilimsikia tu. Mkono wake wa kulia, wenye vidole viwili vilivyokakamaa kwa makovu, ulinishika kooni, pale pale. Mgongo wangu ukagonga ukuta, udongo ukamwagika. Sikupata hewa. Nilihisi ule mpira wa tumbo unavutika, na uji wa asubuhi ukanitiririka mapajani wa moto. Mama alikuwa akimpiga mgongoni kwa mwiko, anapiga na kulia: "Utamuua! Utamuua ndugu yako!"

Aliniachia. Akakaa chini juu ya vumbi la mbao, akautazama mkono wake.

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mtu mwenye digrii anaogopa nini?"

"Kuchekwa."

"Kuchekwa," alirudia. "Kuchekwa!" Akacheka yeye, cheko baya sana, halafu akainuka akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kanzu. "Vaa viatu. Unaenda kuyasema haya kule."

Tulikwenda Nyamisati, kwenye bandari ya mashua, na asubuhi ya pili tukapanda mashua ya mashine kuingia deltani, tukipita mikokoni. Nilihesabu tena. Siku ya themanini na nane. Nilimwambia Selemani tumewahi. 

Maparoni mpunga ulikuwa unaiva. Saada alikuwa juu ya dungu katikati ya shamba la baba yake, anafukuza ndege kwa kupiga debe, na sauti yake ilitufikia kabla hatujamwona. Baba yake, Mzee Mbwana, alitupokea kwenye ukingo wa shamba. Hakutukaribisha kukaa.

"Mmekuja na lipi?"

"Nimekuja kumrejea mke wangu," alisema Selemani.

"Mke yupi?"

"Saada, mzee wangu."

"Saada eda yake imekwisha. Leo siku ya tisa."

"Haiwezekani," nilisema. "Ni siku ya themanini na nane, bado mbili."

Mzee Mbwana alinitazama kuanzia miguu mpaka shingo, macho yake yakabaki shingoni.

"Wewe ndiye Digrii?"

"Ndiye mimi."

"Huko chuoni hawakukufundisha kwamba eda ya mwanamke anayeona siku zake haisomwi ukutani? Anaihesabu mwenyewe, mwilini mwake. Twahara tatu, kila baada ya hedhi. Zake zimetimia."

Nilisimama pale na siku zangu tisini. Nilikuwa nimehesabu kila kitu isipokuwa mtu mwenyewe. Kama ningesema siku ile ya benchi, au ile ya penseli wodini, ingetosha.

Debe lilinyamaza. Saada aliteremka ngazi za dungu, akaja akipita kwenye tuta, kanga imefungwa kiunoni. Alikuwa ameungua jua. Alisimama mbali kidogo na Selemani, akageuza kichwa, akanipa sikio la kushoto.

"Semea huku. Lile jingine limekufa."

Nilisema yote. Sikupamba. Mchanga, usingizi, alama, karatasi. Sauti ilikwaruza, mara mbili ikakatika nikaianza tena. Selemani alikuwa ameinamisha uso. Saada alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ulipoandika," aliuliza, "ulijua?"

"Nilijua."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kikiwa kimevunjika.

"Saada," Selemani alisema, "nimekosa. Nakuomba."

"Wewe hukuniuliza. Ungeniuliza neno moja tu, ningekwambia kikombe kilikuwa mchangani."

"Nakuuliza sasa."

"Sasa si wakati wa kuniuliza habari za kikombe. Sasa waniuliza posa, na posa lazima niijibu mimi." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Siji. Mkono ulionyanyuka ulikuwa wako, si wa kostiki."

Niseme hapa ilivyoishia, ili usingoje. Hakurudi. Selemani alituma wazee mara mbili baadaye, na mara mbili wakarudi na jibu hilo hilo. Mimi na yeye tunakaa nyumba moja, tunakula sinia moja, na kuna siku nzima hupita hatujasemezana. Mama aliwahi kunambia bora ningenyamaza. Barua ilikuja mwaka uliofuata, na sasa nafundisha sekondari. Kila mwaka, kabla ya wanafunzi kugusa kopo la kostiki, nawasimulia habari ya kikombe cha kijani, na nawaambia kilikuwa changu. Wanacheka pale pa kuila sufuria. Wacheke. Koo langu nalipeleka kupanuliwa mara mbili kwa mwaka, mpira wa tumbo ulitolewa, na kovu lake linafanana na kitovu cha pili.

Lakini siku ile pale Maparoni, baada ya kusema maneno mengi kuliko niliyosema kwa miezi mitatu, kikohozi kilinishika. Nilikohoa mpaka nikapiga magoti kwenye majani ya mpunga. Nilikuwa nimeanza kumeza maji tu wiki ile, kijiko kwa kijiko, na wodini niliyaogopa hata yaliyotoka bombani mbele ya macho yangu. Nilikuwa nayaangalia, nayanusa, nayamwaga, nakinga mengine.

Saada alikwenda chini ya dungu, akarudi na kata ya maji. Hakunipa mara moja. Alisimama mbele yangu, akachovya vidole viwili, akavisugua kwa dole gumba mbele ya macho yangu, taratibu, kama alivyokuwa akivisugua vikombe vyake siku zile nikimcheka.

"Hayatelezi," alisema. "Kunywa."

Nilikunywa. Alinitazama shingo maji yaliposhuka.

"Yanapita?"

"Yanapita."

"Basi," alisema, akachukua kata yake akarudi kwenye ndege.